Gari la kuba: kwa nini kuba hutengenezwa kwanza na kufungwa mwisho

Mwaka 1960, mjini Wichita katika jimbo la Kansas, fundi Darryl Starbird alitoa gari alilolipa jina la Predicta. Asili yake ilikuwa Ford Thunderbird ya 1956, ikakatwa na kuundwa upya hadi haitambuliki, na mahali pa paa pakawekwa kuba la plastiki angavu, kama bilauri iliyofunikwa juu ya watu wawili. Mwaka uliofuata, kule California, Ed Roth akatoa Beatnik Bandit. Nalo lina kuba, na badala ya usukani lina fimbo moja ya kuongozea. Sasa limehifadhiwa katika National Automobile Museum mjini Reno, Nevada. Wazo lenyewe lilikuwa limeshaonekana kabla yao. Mwaka 1955 Ford ilionyesha Lincoln Futura, gari la maonyesho lililoundwa na Ghia wa Turin, lenye makuba mawili ubavu kwa ubavu. Ndilo hilo ambalo fundi George Barris aliligeuza kuwa Batmobile, gari la Batman wa televisheni, mwaka 1966.

Watu bado wanayajenga magari haya, na wengi wanaishia njiani. Gari linasimama uani chini ya turubai, bodi nzuri, rangi nzuri, halina kifuniko. Ukichunguza utakuta kosa ni lile lile: mwenyewe alijenga gari kwanza, kisha akaanza kutafuta kuba la kulienea. Kazi hii huenda kinyumenyume. Kuba ndilo linaloamua kiti kikae wapi, bodi iwe pana kiasi gani, hewa iingie wapi, na hata kama gari litakubaliwa barabarani. Kwa hiyo kuba hutengenezwa kwanza, bodi hujengwa kulifuata, halafu kuba hutolewa, likafichwa mbali na vumbi na tina, na kurudishwa siku ya mwisho kabisa.

Gari la kuanzia

Tunachotafuta ni roadsta, gari la spoti la watu wawili lisilo na paa la kudumu. Swali la kwanza kulihusu ni mahali nguvu yake ilipo. Injini inaweza kusubiri.

MGB (1962 hadi 1980) haina chesisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Nguvu yake kubwa imo kwenye vizingiti chini ya milango, vilivyoundwa kwa tabaka tatu za bati. Ukikata kizingiti au nguzo ya mlango bila kuweka mihimili ya muda, gari linapinda katikati, na utajua siku utakapojaribu kufunga mlango. Anayeing'ang'ania MGB apime kwanza nafasi ya mlango juu na chini, aandike, kisha achomelee skwea paipu kuvuka uwazi wa milango yote miwili kabla ya kuwasha grenda.

Triumph Spitfire (1962 hadi 1980) ina chesisi yake, na watu huipenda kwa sababu bodi inafunguliwa kwa boliti na kunyanyuliwa. Hapo ndipo wanapojikwaa. Chesisi hiyo ni kama uti wa mgongo, haina mihimili ya pembeni, na mikono inayozuia magurudumu ya nyuma yasiende mbele na nyuma imefungwa kwenye bodi. Bodi ikitoka, mikono hiyo inabaki ikining'inia hewani. Ni lazima utengeneze mabano mapya ya kuishika na mihimili ya pembeni ya kuchukua kazi ya vizingiti, la sivyo gari litajiendesha nyuma upande linaotaka.

Chevrolet Corvette ya kizazi cha 3 (1968 hadi 1982) ndiyo tunayoipendekeza. Ina fremu kamili ya chuma, urefu kati ya ekseli ni mm 2489, na bodi yake tayari ni fibaglasi, kwa hiyo bodi mpya itashikana na ya zamani bila ugomvi wa bati na resini. Kabla ya kununua, lala chini na nyundo ndogo. Gonga fremu pale inapopinda kwenda juu mbele ya magurudumu ya nyuma; mlio mkavu ni mzuri, mlio wa debe bovu ni kutu iliyokula kutoka ndani. Kagua pia mifupa ya chuma iliyofichwa chini ya fibaglasi kuzunguka kioo cha mbele, kwa maana maji hujificha humo kwa miaka. Gari lililogongwa bodi lakini fremu imenyooka ni bora kwako kuliko gari linalong'aa lenye fremu iliyooza. Bodi utaikata vyovyote.

Pima vichwa kabla ya kupima gari

Kaa kwenye kiti ulichochagua. Kwa mtu mzima wa wastani bega liko kama sm 60 juu ya kalio, jicho sm 79, utosi sm 91. Pete, yaani fremu ya duara inayobeba kuba, ikikaa usawa wa mabega, jicho linakuwa sm 19 juu yake. Hilo ni jambo jema, kwa sababu ukanda wa chini wa kuba, kama sm 5 hadi 7 kutoka kwenye pete, daima hupinda taswira, na jicho lisitazame barabara kupitia hapo.

Sasa upana. Watu wawili wa mabega mapana wanahitaji pete yenye kipenyo cha ndani cha sm 130 hivi. Vichwa vyao vitakuwa sm 27 kila upande wa mstari wa katikati, na upande wa nje wa kila kichwa uko sm 35 kutoka katikati. Hesabu ya kuba ni hii: nusu kipenyo cha tufe ni (a² + h²) ÷ 2h, ambapo a ni nusu kipenyo cha pete na h ni kina cha kuba. Chukua kuba la kina cha sm 40. Usawa wa utosi, sm 31 juu ya pete, kuba limebakiwa na nusu kipenyo cha sm 35. Yaani plastiki inagusa kichwa, na shimo la kwanza barabarani litamaliza mjadala. Ongeza kina hadi sm 50: pale pale nusu kipenyo kinakuwa karibu sm 47, na kila mtu ana nafasi ya sm 12. Sentimita kumi za kina ndizo zinazotenganisha gari la kupandwa na sanamu.

Kata duara hilo kwa kadibodi, kata na mbavu mbili za plaiwudi zenye mkunjo wa kuba, zisimamishe juu ya kiti, kisha mkae wawili kwa nusu saa. Gharama yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote katika mradi huu.

Shiti

Kuba huanza kama shiti bapa ya akriliki, ile plastiki angavu. Kuna akriliki iliyomiminwa kati ya vioo viwili na ile iliyosukumwa kwa mashine. Kwa macho zinafanana. Toboa tundu: iliyosukumwa huyeyuka na kung'ang'ania drili kama ubani uliotafunwa, iliyomiminwa hutoa nyuzi safi. Chukua iliyomiminwa, inavumilia makosa ya joto, ile nyingine hulegea ghafla na kuchanika. Polikaboneti ina nguvu zaidi, lakini ni lazima ikaushwe kwa masaa mengi kwenye nyuzi 120 hivi za Selsiasi kabla ya kupashwa, vinginevyo unyevu uliomo unachemka na kujaza shiti viputo. Pia inachubuka upesi. Kwa kuba la kwanza, baki na akriliki.

Unene? Duara la kipenyo cha sm 130 lina eneo la mita za mraba 1.33. Likipulizwa hadi kina cha sm 50, eneo linakuwa 2.11. Plastiki haijaongezeka, imevutika tu, kwa hiyo shiti ya mm 6 inabaki na wastani wa mm 3.8, na kileleni chini ya hapo. Kuba la namna hiyo linapwita ukiligusa kwa kiganja. Shiti ya mm 8 inabaki na wastani wa mm 5 na uzito wa kama kilo 13 kwa sehemu ya ndani ya pete. Ndiyo ya kununua. Shiti ya kawaida ya mm 2050 kwa 3050 inatoa vipande viwili vya mm 1480 kwa 1480, na uvitoe vyote viwili, kwa sababu cha kwanza mara nyingi ni cha kujifunzia.

Tanuri na upepo

Inasimuliwa sana kwamba kuba la Beatnik Bandit lilipashwa kwenye tanuri la pizza. Huenda, lakini usiige. Tanuri la chakula lina sakafu ya moto na dari isiyolingana nayo, na akriliki inataka joto la nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi lililosambaa sawasawa. Chini ya 150 itakubali kunyanyuka huku ikificha mkazo ndani yake, halafu ipasuke yenyewe miezi mitatu baadaye. Ikipita 190 inatoka malengelenge.

Jenga sanduku la mita 1.7 kwa 1.7, kimo mita 1. Fremu ya angelaini, bati pande zote mbili, sm 10 za sufi ya mwamba katikati. Koili za umeme za jumla ya kilowati 6 zinatosha. Weka feni ya kuzungusha hewa, mota yake ikae nje. Bila feni, juu kutakuwa na nyuzi 20 zaidi ya chini na kuba litanenepa upande mmoja. Toboa madirisha mawili madogo ya kioo yakikabiliana, na kila moja lichorwe mstari kwenye kimo unachotaka kuba lifike. Utaona faida yake.

Ndani ya sanduku, chini, kaa kitako cha kupulizia: sahani ya chuma ya mm 5 iliyochomelewa mbavu za angelaini kwa chini, na juu yake pete ya kubana ya chuma cha mm 10 yenye boliti 24 za M10, moja kila sm 18. Wengi hutumia plaiwudi na klempu za mkono, na wengi wao hujuta. Upepo unaohitajika ni mdogo, kati ya bar 0.1 na 0.2, na udogo huo ndio unaodanganya. Bar 0.15 kwenye eneo la mita za mraba 1.33 ni nguvu ya karibu tani 2 ikisukuma kitako chini na pete juu. Plaiwudi inavimba kama mandazi, klempu moja inaruka, zinazofuata zinaifuata. Kwa sababu hiyo hiyo weka regyuleta inayosoma vizuri shinikizo dogo pamoja na vali ya usalama, na wakati wa kupuliza asiwepo mtu mbele ya mlango wa tanuri. Ukingo wa ndani wa pete uviringishwe kwa grenda na msasa hadi uwe na mkunjo wa mm 10. Ukingo mkali hukata plastiki ikiwa laini.

Kisha kazi yenyewe. Akriliki iliyomiminwa hunywea kama asilimia 2 inapopashwa mara ya kwanza, kwa hiyo ipashe mara moja bila kuibana, iache ipoe, ndipo ukate mduara na kutoboa matundu. Ondoa karatasi ya kinga, futa vumbi kwa maji na kitambaa laini. Chembe moja ya mchanga itakuwa kovu la kudumu mbele ya macho ya dereva. Bana, funga tanuri, pandisha joto. Kipimo cha kazi ni dakika 3 kwa kila milimita ya unene baada ya hewa ya ndani kufika kwenye joto lake, yaani dakika 24 kwa shiti ya mm 8. Lakini kitako cha chuma nacho kinanyonya joto, basi amini vipimajoto viwili, kimoja juu ya shiti na kimoja chini yake, kuliko saa.

Hewa isiingie baridi. Upepo wa kompresa ukigonga katikati ya shiti laini, doa hilo linaganda, linakataa kuvutika, na kuba linatoka na kitovu kinene kileleni. Pitisha hewa kwanza kwenye bomba la shaba la mita 5 au 6 lililozungushwa ndani ya tanuri, na juu ya tundu la kuingilia weka kisahani cha sm 15 cha kuvunja upepo. Fungua regyuleta kidogo kidogo. Kwa muda haionekani kitu. Halafu shiti inaanza kupumua, inanyanyuka taratibu, na ikishapita sm 20 inaongeza kasi ingawa hujagusa chochote, kwa kuwa kadiri inavyovutika ndivyo inavyokuwa nyembamba. Tazama kupitia madirisha, macho yako na mistari miwili viwe kwenye mstari mmoja. Kata hewa kileleni kikiwa bado sm 1 chini ya alama, itaimalizia yenyewe. Zima koili, acha feni, na bakiza shinikizo dogo la kulishika kuba hadi plastiki ishuke chini ya nyuzi 60. Usifungue mlango kwa pupa kutazama. Upepo wa nje unapasua.

Kama limekwenda upande lakini halijachanika, usilitupe. Akriliki ina kumbukumbu: lirudishe kwenye nyuzi 165 na litajilaza tena kuwa shiti bapa, tayari kwa jaribio la pili. Ni fundi mwenye huruma, hii plastiki.

Pete ya mviringo hukupa kipande cha tufe. Ukitaka umbo la tone la maji, kama makuba ya ndege za kivita za miaka ya 1940, kata pete ya umbo la yai. Upepo utafanya mengine. Usiweke kona kali kwenye pete hiyo, maana kila kona kali huzaa ukanda wa ukungu wa taswira juu yake.

Kata ukingo kwa jigi-so yenye meno madogo, halafu msasa wa 180, 400, 600. Ukingo wenye mikwaruzo ndio mzazi wa nyufa zote. Mwisho, kabla ya gundi au rangi yoyote kulikaribia, lirudishe kuba kwenye nyuzi 80 kwa masaa 3 na ulipoze polepole, nyuzi zisizozidi 15 kwa saa. Hatua hii huondoa mkazo uliojificha. Anayeiruka huona siku ya kwanza ya kusafisha kuba likijaa mistari midogo kama utando wa buibui, na hakuna dawa ya hilo.

Pete ya gari, bawaba na upepo wa barabarani

Pete ya kudumu ikunjwe kwa skwea paipu ya mm 25 kwa 25, unene mm 2. Mzunguko wake ni mita 4.1, uzito kilo 6 hivi. Jumla ya kuba, pete, raba na vifungio ni kama kilo 22.

Akriliki hutanuka kwa joto mara 6 kuliko chuma. Kati ya alfajiri ya baridi na adhuhuri ya jua kunaweza kuwa na tofauti ya nyuzi 50 kwenye plastiki. Kuba la sm 130 litaongezeka mm 4.5 wakati pete ya chuma imeongezeka mm 0.8. Ukilikaza kwa boliti za mm 5 kwenye matundu ya mm 5, litapasuka kwenye tundu, na halitakuambia lini. Toboa matundu ya mm 10 kwa drili iliyonolewa ncha kali isiyochimba, tia bushi ya raba na washa pana, kaza kwa vidole na nusu mzunguko. Chini na juu ya ukingo weka raba ya EPDM. Usitumie ule mpira laini wa PVC kama wa bomba la bustani. Hutoa mafuta yanayoila akriliki pole pole. Silikoni inayonuka siki nayo ikae mbali, tumia isiyo na asidi.

Ukiweka bawaba nyuma, uzito wa kilo 22 ukiwa sm 65 kutoka kwenye bawaba unadai nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 140. Mota mbili za kusukuma zilizofungwa sm 20 mbele ya bawaba zitabeba nyutoni 700 kwa pamoja zikiwa wima, na zaidi zikiinama. Chukua mbili za nyutoni 750 kila moja. Kila mota iwe na fyuzi yake na rilei yake. Na hapa hatuna mzaha: pawe na njia ya kulifungua kuba kutoka ndani pasipo umeme. Pini za bawaba zinazochomoka kwa kuvuta kebo moja, na kebo hiyo ifikiwe na mtu aliyefungwa mkanda. Betri ikifa juani ukiwa ndani, hutakuwa na muda wa kumpigia fundi. Messerschmitt KR200 ya Ujerumani, iliyotengenezwa kati ya 1955 na 1964, ililimaliza tatizo hili kwa unyenyekevu: kifuniko chake chepesi kina bawaba ubavuni na kinainuliwa kwa mkono, basi.

Usisahau kwamba kuba ni bawa. Kwa kilomita 100 kwa saa upepo unaopita juu yake unalivuta kwenda juu kwa nguvu inayoweza kufika kilo 30, zaidi ya uzito wake wote. Lachi moja ya mbele haitoshi. Weka tatu, mbele na pembeni, za chuma kinachoshikana na chuma.

Na kuba halilindi kichwa gari likipinduka. Nyuma ya viti simamisha upinde wa bomba la chuma la mm 38 au 45, unene usiopungua mm 2.5, uliochomelewa kwenye fremu yenyewe, si kwenye sakafu ya fibaglasi. Upinde huo nao lazima uenee chini ya kuba, jambo jingine la kuingiza kwenye ile hesabu ya kadibodi.

Bodi

Magari mengi ya kuba hayana milango. Unavuka ubavu na kukaa. Fremu inafaidika kwa kutokatwa, ila usukani uwe wa kuchomoka, kwa kuwa miguu ya mtu mzima haikunjiki kama ya mtoto. Ule ufito wa Roth unapendeza kwenye maonyesho. Barabarani acha kiunzi cha usukani wa asili.

Roth alijenga maumbo yake kwa plasta, akalaza fibaglasi juu, kisha akaivunja plasta kwa ndani. Leo povu gumu la poliyurethani hufanya kazi hiyo kwa usafi zaidi: linachongwa kwa msumeno na msasa, na fibaglasi inalazwa moja kwa moja. Povu jeupe la vifungashio halifai, resini ya poliesta inaliyeyusha papo hapo. Anzia kwenye pete. Weka kuba, au mbavu zako za plaiwudi, mahali pake kwanza, na acha mistari ya bodi ishuke kutoka hapo.

Kwa bodi ya mita za mraba 9, tabaka 4 za mkeka wa fibaglasi wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa kama mm 4. Hiyo ni kilo 16 za mkeka na kilo 37 hadi 40 za resini. Hadna, dawa ya kuigandisha resini, iwe asilimia 1 hadi 2 ya resini. Kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi kaa kwenye 1 na uchanganye kilo moja kwa wakati, maana ndoo ikijaa itaganda na kuanza kutoa moshi brashi ikiwa bado mkononi. Mafundi wa boti za fibaglasi wa pwani yetu wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Hadna isikutanishwe kamwe na kiharakisho cha kobalti vikiwa vitupu. Mchanganyiko huo hulipuka. Na vaa miwani, tone moja la hadna jichoni laweza kulipofua.

Joto

Hapa ndipo magari mengi ya kuba hufia baada ya kukamilika. Jua la utosini hutoa kama wati 1000 kwa mita ya mraba, na akriliki angavu hupitisha asilimia 92 ya mwanga. Kuba letu basi linaingiza kama kilowati 1.2, sawa na hita ya chumba iliyowashwa mapajani, na joto likishaingia plastiki hairuhusu mionzi yake irudi nje. Kiyoyozi cha gari la kawaida kinaweza kulishinda kikiwa kizima. Kisichowezekana ni kukosa hewa kabisa: weka tundu la kuingizia puani mwa gari ambako upepo unasukuma, tundu la kutolea nyuma ya viti chini ya ukingo wa kuba, na feni mbili za kusaidia gari linaposimama kwenye foleni. Pua moja ya hewa ielekezwe kwenye plastiki ya mbele, la sivyo pumzi za watu wawili zitaifunika ukungu mvua ikinyesha. Dashibodi ipakwe rangi nyeusi isiyong'aa, kwani chochote chenye rangi ya kung'aa utakiona usiku kikielea mbele ya barabara.

Waipa hazifanyi kazi kwenye kuba. Zinakwaruza na hazifuati mkunjo. Tena sheria za Marekani na za nchi nyingi zinataka kioo cha mbele kiwe kioo salama cha tabaka, ambacho akriliki siyo. Ndiyo maana magari mengi ya aina hii huenda kwenye maonyesho yakiwa juu ya trela. Anayetaka kuendesha kihalali hubakiza kioo cha mbele cha asili na waipa zake, na kuba lake linaanzia nyuma ya ukingo wa kioo hicho. Uamuzi huo hubadili umbo la pete. Ndiyo sababu huulizwa mamlaka ya ukaguzi kwanza, tanuri likiwa bado michoro.

Siku ya kulirudisha

Rangi ikishakauka kwa wiki mbili na harufu ya tina kutoweka kabisa, ndipo kuba hutolewa kwenye blanketi lake. Mvuke wa tina peke yake unatosha kulichora nyufa. Liweke kwenye raba, kaza boliti kwa kukabiliana, si kwa kuzunguka. Mwagia maji ya bomba dakika 10 huku mtu amekaa ndani na tochi akitafuta tone, halafu kata betri na umwambie atoke mwenyewe. Aliyezoea pini zake asichukue zaidi ya sekunde 15. Akichukua zaidi, kebo iko mahali pabaya. Usafi wa kila siku ni maji, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini kilicholowa. Spiriti, petroli na ile dawa ya bluu ya kusafishia vioo vya nyumba zisiingie hata kwenye boneti.